Habari Njema mezani, Union Version pembeni: Biblia ya kutafakari pamoja Malindi

Ukitaka Biblia moja ya kusomwa kwa sauti kwenye jumuiya au ushirika wa nyumbani hapa Malindi, nunua tafsiri ya Habari Njema. Ukitaka wanakikundi wasome polepole na waulizane, weka Union Version, tafsiri ya zamani, moja karibu nayo. Hukumu yetu ndiyo hiyo. Yanayofuata ni sababu zake, na mambo machache ambayo muuzaji hana haja ya kukueleza.

Union Version ilitoka mwaka 1952, na ndiyo ambayo wengi wameikariri. Ukianzisha mstari, wazee wa Ganda na Msabaha wanakumalizia. Habari Njema ilikamilika miaka ya 1990, kazi ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti. Sentensi zake ni fupi, Kiswahili chake ni cha kuongea, na kijana aliyeshika Biblia kwa mara ya kwanza ataisoma mbele ya watu bila kujikwaa. Kwenye kikundi hilo ni jambo kubwa: msomaji akikwama mara tatu katika aya moja, wasikilizaji huacha hadithi wakaanza kumhurumia yeye.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa yaliyomo uhesabu vitabu. Kuna chapa ya Habari Njema ya vitabu 66, na kuna yenye Deuterokanoni, ambayo ni 73: imeongezwa Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, pamoja na nyongeza za Esta na Danieli. Jalada linaweza kufanana kabisa. Mkatoliki akiondoka na ya 66 atagundua siku somo litakapotoka kwa Bin Sira. Kikundi chenye chapa zote mbili kisitaje kurasa hata siku moja, kwa sababu hazilingani. Taja kitabu, sura na mstari.

Halafu angalia karatasi. Fungua katikati, Zaburi, inua ukurasa mmoja uelekee mwanga wa mlangoni. Kama maandishi ya upande wa pili yanaingiliana na haya unayoyasoma, iache, hata kama jalada linang'aa. Jumuiya nyingi hukutana jioni, na stima ikikatika mtasomea taa ya simu. Hapo herufi ndogo kwenye karatasi nyembamba haisomeki na mtu aliyepita miaka arobaini. Bora kununua mbili za maandishi makubwa zipokezanwe kuliko kumi za mfukoni.

Sasa matumizi yenyewe. Hapa ndipo Habari Njema inapoonyesha uzuri wake, na pia mtego wake mkubwa, yaani vichwa vidogo vya habari katikati ya sura. Vinasaidia kutafuta. Lakini vimewekwa na wahariri, si sehemu ya Maandiko, na kikundi kikizoea kusoma kutoka kichwa hadi kichwa, kinakata hadithi mahali pasipofaa.

Mfano mbaya kuliko yote ni mjane wa sarafu mbili, Luka 21:1-4. Husomwa wakati wa michango, peke yake, halafu bahasha zikagawiwa. Rudi nyuma mistari mitatu tu, mwisho wa sura ya 20. Yesu anawaonya wanafunzi juu ya walimu wa sheria wanaopenda salamu sokoni na viti vya mbele, na ambao, kwa maneno ya Union Version, "wanakula nyumba za wajane". Mstari unaofuata, mjane anaingia. Endelea mbele hadi 21:6: watu wanasifia mawe mazuri ya hekalu, naye anawaambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kwa hiyo mama huyu ametoa riziki yake yote kwa jengo litakalobomolewa, chini ya wasimamizi waliokwisha kutajwa kwamba wanakula nyumba za watu kama yeye. Yesu anamsifu mama, hilo halina ubishi. Ila anayelitumia somo hili kumbana mjane wa Maweni atoe akiba yake ya mwisho amekata vipande viwili muhimu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Somo hili lisomwe kuanzia 20:45 hadi 21:6, na swali la kutafakari liwe: katika jumuiya yetu, mjane ni nani, na sisi tunamla au tunamlisha?

Luka 5:1-11 ndiyo hadithi inayopendwa zaidi na watu wa pwani, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi. Msomeshaji asikimbilie samaki. Aanzie mstari wa 2: mashua mbili zimeachwa kando, wavuvi wanaosha nyavu baada ya usiku mzima bila kupata kitu. Mvuvi yeyote anajua maana yake. Kuosha wavu ni kazi ya mwisho: unatoa mwani na uchafu, unaukagua ulipochanika, unauanika. Ukiosha wavu umeshakubali kwamba leo imekwisha. Katika hali hiyo Yesu anaomba kwanza chombo, akae ndani afundishe. Akimaliza ndipo anasema warudi kwenye kina. Kutii hapo kunamgharimu Simoni, mwenye chombo, kitu kinachoonekana kwa macho: wavu safi utachafuka tena, na usingizi utasubiri. Ndiyo uzito wa jibu lake, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu". Hapa Union Version ina mdundo ambao Habari Njema haijaufikia, na ndiyo sababu tunasema iwepo pembeni.

Wanaohubiri mafanikio huishia mstari wa 7, mashua zimejaa hadi karibu kuzama, kisha unaambiwa usiku wako wa kukosa umekwisha. Someni hadi wa 11. Wanavileta vyombo pwani, wanaacha vyote, wanamfuata. Hapo samaki hawatajwi tena. Mzigo wa kujaza mashua mbili, na hakuna neno la nani aliuza wala mafungu yaligawanywaje. Kikundi kikitulia hapo, maswali ya maana huja yenyewe: ni baraka gani tumeipokea tukaing'ang'ania hata ikatuzuia kwenda?

Mfano wa juya, wavu mkubwa wa kukokota, Mathayo 13:47-50, ni mfupi lakini Malindi una mwiba wake. Juya limepigwa marufuku Kenya. Kila mwenye kushughulika na kamati ya ufuo inayosimamia uvuvi analijua tatizo: linakokota chini, linazoa samaki wachanga na majani ya bahari pamoja, halichagui. Mji wenyewe uko jirani na hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Basi mtu atauliza, na ana haki, kwa nini ufalme wa mbinguni ufananishwe na zana haramu. Usimnyamazishe. Kutochagua ndiko kiini cha mfano. Wavu unazoa wa kila namna. Kuchambua kunafanyika baadaye, wakiwa wameketi, na kazi hiyo wamepewa malaika. Kamati ya jumuiya haimo kwenye orodha. Kwa maisha ya kila siku hili linagusa daftari la wanachama: nani anapitishiwa mchango wa mazishi na nani anaambiwa hajahudhuria. Habari Njema haina maelezo ya kutosha kwenye mfano huu, hivyo mwenye kuongoza ajiandae.

Tulipotaka kujua kama Habari Njema inafaa kwa hadithi ndefu, tulichukua Matendo 27, habari ya meli ya Paulo kupigwa na tufani. Mistari 44, kama dakika nane kwa sauti, na inapita mtihani vizuri kuliko toleo lolote la Kiswahili tunalolijua. Habari za nanga, kamba, shehena na pepo zinatiririka. Wapeni wasomaji wanne, kila mmoja mistari kumi na moja.

Jambo moja lisemwe kabla ya kusoma, la sivyo watu wa hapa wataielewa kinyume. Kwetu kusi, upepo wa kusini, ndiyo msimu wa bahari chafu, vyombo vidogo hukaa ufuoni. Kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari hutulia na samaki hupatikana. Kwenye bahari ya Paulo mambo yamegeuka: upepo wa kusini ndio ulivuma taratibu ukawadanganya waondoke, na tufani ikashuka kutoka kaskazini mashariki. Mstari wa 9 unasema siku ya Mfungo ilikuwa imepita; ni mfungo wa Kiyahudi unaoangukia Septemba au Oktoba, na baada yake safari za bahari ile zilikuwa za hatari. Paulo alionya, nahodha na mwenye meli wakasikilizwa zaidi.

Kisha fuateni kazi ya mabaharia hatua kwa hatua. Wanafunga meli kwa kamba chini ya tumbo. Kesho yake wanatupa shehena. Siku ya tatu wanatupa vyombo vya meli. Usiku wa kumi na nne wanapima kina: pima 20, mbele kidogo pima 15. Wanatia nanga nne tezi, yaani nyuma ya meli, wanaomba kukuche. Mabaharia wanajaribu kutoroka na mashua ndogo kwa kisingizio cha kutia nanga omo, yaani mbele. Askari wanakata kamba, mashua inapotea. Watu 276 wamebaki ndani na hakuna pa kukimbilia.

Hapo ndipo ulipo mstari wa 33, ambao Malindi tunapaswa kuujua kwa moyo. Watu wamekaa siku kumi na nne bila kula. Paulo anawasihi wale, na anawaambia kula huko ni kwa ajili ya kuokoka kwao. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Wote wanapata moyo, wanakula. Baada ya kushiba ndipo wanatupa ngano baharini.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya mji huu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Kuna watoto miongoni mwao. Kitabu au kikundi cha tafakari kinachotumika kaunti hii ya Kilifi na kinakwepa jambo hili hakijafanya kazi yake. Na kazi yenyewe si ngumu kwa mwenye Biblia nzima mkononi. Kila hadithi ya kufunga ina mwisho. Esta alifunga siku tatu, akavaa mavazi ya kifalme akaenda kuokoa watu wake wasiuawe. Yesu alifunga siku arobaini, Mathayo 4:2 ikasema akaona njaa, na mwisho malaika wakamhudumia. Alipofufuka aliomba chakula, akala kipande cha samaki mbele yao, Luka 24:41-43. Isaya 58 inasema mfungo unaompendeza Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Kanuni ya kikundi iwe hii: hakuna somo la kufunga linalosomwa bila mistari ya kufungua.

Kuhusu utaratibu, Hatua Saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, zinakubaliana vyema na Habari Njema, hata kwa wasio Wakatoliki. Kumkaribisha Bwana, kusoma, kila mtu kurudia neno au fungu lililomgusa, kimya, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, kusali. Panga dakika hamsini. Ukimya usipungue dakika tatu, ingawa ya kwanza itakuwa na kikohozi na simu ya mtu. Hatua ya tatu ndiyo huharibika: mtu anapaswa kutaja maneno matatu manne na kunyamaza, badala yake anahubiri. Mwongozaji amkatize kwa upole, "Asante mama, tutakusikia kwenye hatua ya tano." Hatua ya tano acheni wenye Kigiriama waseme Kigiriama. Ya sita hairukwi kamwe. Iandikwe kazi moja, jina la mtu na siku: nani ataenda kwa mgonjwa, lini, na nini mkononi. Kama mnakutana karibu na msikiti, anzeni baada ya adhana ya Magharibi, ni adabu kwa majirani na pia mtasikilizana.

Simu zina faida ya sauti kwa wasioona vizuri, lakini watu sita wakiwa na matoleo manne hatua ya tatu inavurugika, kila mmoja anataja maneno ambayo mwenzake hayaoni. Kitabu kisomwe, simu zifuatilie.

Lililobaki ni bahari. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika hulegeza gundi na kubambua majalada ya plastiki laini. Mahali pa kwanza kuachia ni mgongo, kwenye Mwanzo na Ufunuo. Chagua jalada gumu lenye kurasa zilizoshonwa: ukichungulia juu ya mgongo utaona mafungu ya karatasi yaliyokunjwa, si kurasa zilizobandikwa moja moja. Usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, unyevu utabaki ndani na kurasa zitatoa madoa. Rafu iliyo mbali na ukuta, ifunguliwe kila wiki, inatosha kuwaweka mbali wadudu.