Jackass, Bad Grandpa, Borat: za kuweka mbele ya nani?

Weka Jackass, zile filamu za Kimarekani za watu wanaojiumiza ili kuchekesha, kwenye kibanda umiza cha Mwanjelwa, Mbeya, Jumamosi jioni, mechi ikishaisha. Benchi za mbele zitashika mbavu. Huku nyuma, kwa mafundi na madereva wa makamo, hatakosekana wa kuuliza, "Hivi hakuna muvi yenye maana humo?" Ugomvi huo ni wa zamani. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2002, ikagharimu dola milioni 5 na kuingiza karibu milioni 80 duniani. Wahakiki waligawanyika: kuna walioiita takataka, na kuna waliokiri kwamba walicheka bila kupenda. Zilizofuata ziliukuta ugomvi uleule unawasubiri.

Asiyezijua aelewe jambo moja mapema: hakuna hadithi. Kipindi kilianzia MTV mwaka 2000 na filamu zimefuata mwendo wake. Johnny Knoxville, Steve-O, Chris Pontius, Wee Man na wenzao, chini ya mwongozaji Jeff Tremaine, wanafanya kituko kimoja baada ya kingine, vingi vikiwa vya dakika mbili tatu tu, mpaka saa moja na nusu inaisha. Anayesubiri stelingi alipize kisasi atasubiri mpaka majina yapite. Wapo wanaoinuka na kudai hela yao kwa hilo tu, wala matusi na uchafu havijawafikia bado.

Sababu nyingine ndiyo nzito. Ndani ya filamu hizi kuna vitu viwili vilivyochanganywa, na wanaozisifu na wanaozilaani mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja. Kuna kituko, ambapo anayeumia amekubali kuumia, na wanaomcheka ni rafiki zake. Na kuna pranki, ambapo anayetiwa hofu au aibu ni mpita njia asiyejua kwamba kuna kamera. Kituko kinawagawa watu kwa matumbo yao: nani anavumilia kuona matapishi na kinyesi, nani havumilii. Pranki inawagawa kwa haki: huyu mama wa watu amekosa nini?

Kwa vituko, ya kuchukua ni Jackass 3D ya mwaka 2010, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 170, kiasi ambacho hakuna nyingine ya mfululizo huu imekifikia. Ilitumia kamera za kasi kubwa zinazoivuta sekunde moja ikawa tukio refu. Mkono mkubwa wa kutengenezwa umefichwa ukutani, umevutwa nyuma kama manati. Anayepita anazolewa mzimamzima, na unaliona shavu likiyumba taratibu kabla mwenyewe hajajua kapigwa na nini. Hapo hapahitajiki Kiingereza. Kwenye Jackass Forever ya mwaka 2022 kazi hiyo anapewa Francis Ngannou wa Kameruni, aliyewahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, mashindano ya ngumi na mateke. Anampiga Ehren McGhehey ngumi ya kinena, Ehren akiwa amevaa kikinga tu. Watazamaji wanaofuatilia ngumi hawana haja ya kuelezwa kwa nini kikinga hicho hakitoshi.

Kicheko hiki kina ufundi wake, na wanaosema "mjinga yeyote anaweza" wajaribu kutazama nakala za mitandaoni walinganishe. Picha ni pana na haikatwi kwenye pigo lenyewe, kwa hiyo hakuna wa kudai ni ujanja wa kompyuta. Wapiga picha wanasikika wakicheka. Mmoja wao, Lance Bangs, amejipatia umaarufu kwa kutapika akiwa kazini, na matapishi yake huachwa ndani ya filamu. Halafu aliyeumia anainuka, mara nyingi naye akicheka. Asipoinuka, ukumbi mzima unanyamaza. Ndivyo inavyokuwa kwenye Forever, Knoxville akiwa na umri wa karibu miaka 50, anaporushwa na fahali na kutoka hapo na mtikisiko wa ubongo, damu iliyovuja ubongoni, mbavu iliyovunjika na kifundo cha mkono kilichovunjika. Kuna wapenzi wa mfululizo wanaouita huo ushujaa. Hapana. Kituko kinachomalizikia kwenye picha za ubongo kimeshatoka kwenye vichekesho, hata kama mwenyewe alisaini.

Jackass Number Two ya mwaka 2006 ndiyo chafu kupita zote. Ndoano inapitishwa shavuni mwa Steve-O ili awe chambo cha papa. Ruba anawekwa kwenye mboni ya jicho. Kama kibanda kinauza chipsi mayai, usiiweke kabla chipsi hazijaisha.

Tuje kwenye pranki. Bad Grandpa ya mwaka 2013 ina hadithi kidogo: Knoxville amevalishwa uzee, anaitwa Irving Zisman, ana miaka 86, na anasafiri na mjukuu anayeigizwa na Jackson Nicoll. Watu wengi wanaokutana nao njiani ni wa kweli, hawajui lolote. Vipodozi vya uzee huo viliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2014, na ukiangalia shingo na mikono utaelewa kwa nini watu waliokuwa hatua mbili kutoka kwake hawakushtuka.

Mapema kabisa kuna msiba wa mke wa mzee huyo. Kanisani wamekaa wanakwaya na waombolezaji walioamini kwamba msiba ni wa kweli. Jeneza linapinduka, "marehemu" anatoka nje. Hapa mtazamaji wa Nyanda za Juu Kusini ana kipimo chake ambacho Mmarekani hana. Kwa anayejua utani, mzaha msibani si kufuru. Watani huja na mambo yao: wanaigiza marehemu alivyotembea, wanazuia jeneza lisipite mpaka watolewe chochote, wengine wanajilaza kaburini. Ila utani una mipaka. Mtani anajulikana ukoo wake, wafiwa wanajua ni nani hata kabla hajafungua mdomo, na siku msiba ukiwa kwake na wao watakwenda kulipa. Sasa Irving Zisman ni mtani wa nani? Wale wanakwaya watamlipa lini? Anayecheka amemwona mtani. Anayesonya amemwona mhuni aliyevamia msiba wa watu. Mabishano mengine juu ya filamu hii, ukiyachuja vizuri, yanabaki hapo.

Kuna kitu kinachopunguza hasira, na wengi hawakioni kwa sababu wanazima mapema. Majina yanapoanza kupita, zinaonyeshwa picha za waliofanyiwa pranki wakiambiwa ukweli na kuonyeshwa kamera, na wengi wao wanaangua kicheko. Kwa kawaida katika kazi hizi mtu akishaelezwa huombwa kusaini kwamba anakubali kutumika; asiyekubali hufutwa sura au kipande chake huondolewa. Kwa hiyo mwendeshaji wa kibanda, usizime. Acha majina yapite yote.

Borat ya mwaka 2006, ya Sacha Baron Cohen, ni ukali wa aina nyingine. Ilitengenezwa kwa dola milioni 18 na kuingiza zaidi ya milioni 260. Anajifanya mwandishi wa habari kutoka Kazakhstan ili Wamarekani wafunguke na kusema wanayoyaamini kuhusu watu wengine. Hilo la kuwafungua ndiyo thamani yake. Doa lake ni kijiji kinachoonyeshwa kama kwao Borat. Kile ni Glod, nchini Romania, na wanakijiji baadaye walilalamika kwamba walidanganywa kuhusu walichokuwa wakipigwa picha, wakafungua kesi ambayo haikufika mbali. Kumcheka tajiri anayejianika ubaguzi wake ni jambo moja. Kumcheka mkulima maskini asiyejua anachochekewa ni jingine, na mtazamaji wa kijijini Rungwe au Ludewa anaweza kujiona upande wa pili wa kamera hiyo bila taabu yoyote.

Ndiyo maana kwa asiyezoea pranki tunapendekeza aanze na Bad Trip, iliyotoka Netflix mwaka 2021, ya Eric André, Lil Rel Howery na Tiffany Haddish. Mjinga ndani yake siku zote ni muigizaji. Wapita njia wanatokea kuwa watu wema: wanamshauri, wanamtetea, wanamzuia asifanye upuuzi. Tendo la gorila, pale mtu aliyevaa kama gorila anapojifanya kumwingilia muigizaji, hata hivyo, halifai mbele ya mtoto wala mzee. Limeshasemwa.

Suala la DJ wa kutafsiri linaharibu au kuokoa jioni nzima. Jadi iliyompa jina Lufufu, mtafsiri wa muvi, ilikuzwa na filamu za mapigano na za Kihindi, ambako sauti ya mtafsiri inajaza nafasi kati ya ngumi na ngumi. Kwenye Jackass, ile sekunde ya kimya kabla ya pigo ndiyo yenye kichekesho. DJ anayesema "sasa angalia huyu anavyokwenda kuumia" ameshaua kila kitu. Kwa hiyo vituko viwekwe na sauti yake ya asili. Borat na Bad Trip ni kinyume: pale maneno ndiyo mali, na bila tafsiri watu wataona mzungu mwenye masharubu akizungumza na watu, basi. Na punguza besi. Spika za vibanda vingi zimewekewa besi ya muziki, ikipandishwa inameza vicheko vya wapiga picha, na hivyo ndivyo vinavyowaambia watazamaji kwamba aliyeanguka yuko salama.

Nakala nazo zina mitego. Ukijaziwa Jackass 3D kwenye flashi, uliza kama ni ya 2D. Faili lenye maandishi SBS hugawa kioo mara mbili, picha ileile kushoto na kulia, zote zimebanwa wembamba; flashi haijaharibika, hilo ni la televisheni za 3D. Epuka faili lililobanwa chini ya MB 500. Muvi ya mazungumzo huvumilia kubanwa, hii haivumilii, maana kila mahali kuna vumbi, maji na watu wanaokimbia, na mwendo wa taratibu hugeuka vibokisi. Kati ya MB 800 na GB 1.5 panatosha kwa kioo cha nyumbani. Ukitaka kubwa zaidi, kumbuka flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4.

Kuhusu wa kukaa naye: si sebuleni wakwe wakiwepo. Kwa Wanyakyusa, ambako mkwe wa kike kwa mila hukwepa hata kukutana na baba mkwe, kuwaketisha wawili hao mbele ya Number Two ni ugomvi wa kutafuta. Wala si kwenye basi la Dar–Mbeya. Kibandani aliyechukia anatoka nje. Ndani ya basi linalopanda Kitonga mama mwenye watoto hana pa kwenda, na kondakta ndiye atakayepokea maneno.

Watoto wasiwekewe kabisa, na hapa hatutanii. Marekani filamu hizi nne za Jackass na Bad Grandpa zina daraja la R, yaani si za watoto, na maonyo ya mwanzoni si mapambo. Mwaka 2001 mvulana wa miaka 13 huko Connecticut aliungua vibaya baada ya kuiga kituko cha moto cha kipindi hicho, na MTV ikalazimika kukisogeza usiku zaidi. Mtoto haoni matabibu na wazima moto wanaosubiri pembeni ya kamera. Anaona petroli na watu wanaocheka.

Mwisho, usichanganyikiwe ukikutana na namba za nusu: 2.5, 3.5, 4.5 na Bad Grandpa .5. Hizo ni mabaki ya vipande vilivyokatwa, pamoja na mazungumzo ya nyuma ya kamera. Zinamfaa aliyekwishazipenda filamu zenyewe na anayetaka kujua mitego ilivyotegwa. Kibandani usiziweke, watu wamelipa waone mtu akianguka, nusu ya muda wanaonyeshwa watu wamekaa kwenye viti wanaeleza alivyoanguka.