Shahada ya Biolojia ya Wanyama: Unacholipia Hasa Kiko Maabara na Porini

Vipeperushi vya vyuo huitangaza shahada hii kwa picha za simba, pomboo na sokwe. Ukifungua mtaala wenyewe unakutana na minyoo, wadudu, kemia na takwimu. Hakuna udanganyifu hapo, ndivyo ulimwengu wa wanyama ulivyo. Wenye uti wa mgongo hawafikii hata asilimia 10 ya spishi zilizokwisha kuelezwa, ilhali wadudu peke yao ni takriban spishi milioni 1. Aliyekuja kwa ajili ya simba tu atachoka mapema. Anayeweza kukaa na mbawakawa chini ya lenzi saa mbili nzima asihisi muda ukipita, huyo kozi hii ni yake.

Lingine la kuelewa kabla ada haijalipwa: hii si njia ya mkato ya udaktari wa mifugo. Udaktari huo ni shahada nyingine, kwa kawaida ya miaka 5 au 6, na ina leseni yake. Wapo wanaomaliza biolojia kisha wakaomba udaktari, ila vyuo vingi huwarudisha mwanzo au karibu na mwanzo.

Kozi huchukua miaka 3 au 4 kutegemea nchi. Mwaka wa kwanza ni wa misingi: seli, jenetiki, kemia, makundi makuu ya wanyama. Wa pili huleta fiziolojia, ikolojia, tabia za wanyama na mageuko ya viumbe. Wa mwisho ni wa kuchagua njia yako na kufanya utafiti. Nadharia ya haya yote imo vitabuni na siku hizi inapatikana hata bila chuo. Chuo kinatofautiana na kingine kwa saa za vitendo, na hapo ndipo tathmini yoyote ya shahada hii inapaswa kuanzia.

Chukua somo moja tu, la kumpasua panya. Mnyama hulazwa chali kwenye trei na miguu kubanwa kwa pini zilizolala kwa nyuzi kama 45, ili zisikuzuie mkono. Ngozi hukatwa kwa mkasi katikati ya tumbo kuelekea kidevuni, kisha huachanishwa na misuli kwa vidole au kwa upande butu wa chombo. Baada ya hapo ukuta wa tumbo huinuliwa kwa koleo ndogo na kukatwa huku ncha ya mkasi ikitazama juu. Mwanafunzi anayeelekeza ncha chini hutoboa utumbo, na kilichomo ndani hufunika kila kitu alichokuja kukiona. Kosa la pili ni kufungua kifua kwa pupa: mshipa mkubwa ukikatwa, damu hujaa na moyo hauonekani tena. Halafu kuna lile jambo zuri ambalo mwalimu makini huliacha mwanafunzi aligundue mwenyewe: atatafuta kifuko cha nyongo chini ya ini asikipate, kwa sababu panya wa maabara, yule mkubwa, hana. Yule mdogo anacho. Mwanafunzi aliyekitafuta kwa mikono yake hatasahau kwamba mchoro wa kitabuni si mnyama.

Vyuo vingi vimepunguza upasuaji na kutumia programu za kompyuta au mifano ya plastiki. Kimaadili ni hatua inayostahili heshima, na inakwenda sambamba na kanuni tatu ambazo wanasayansi Russell na Burch walizitoa mwaka 1959: kubadilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Hata hivyo kioo cha kompyuta hakimfundishi mtu jinsi utando mwembamba unavyochanika. Chuo bora hutumia wanyama wachache, wengine wakiwa wamekufa kwa sababu nyingine, na hueleza wazi wametoka wapi. Uliza. Idara isiyojua kujibu swali hilo haina usimamizi mzuri.

Uhifadhi wa vielelezo, yaani miili ya wanyama inayowekwa kwa ajili ya uchunguzi, ni eneo linalopuuzwa, na makosa yake hudumu miaka. Fomalini hushika umbo la mwili vizuri lakini huharibu DNA, kwa hiyo kipande cha kupimwa vinasaba hukatwa mapema na kuwekwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Kwa kuchunguza umbo, ethanoli ya asilimia 70 ndiyo kawaida, maana iliyo kali zaidi hukausha mwili ukawa wa kuvunjika. Ethanoli ya kwanza ibadilishwe baada ya siku moja, kwani maji yanayotoka mwilini huidhoofisha. Lebo huandikwa kwa penseli kwenye karatasi ngumu na huingia ndani ya chupa, ikitaja mahali, tarehe, mkusanyaji na mazingira. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na kielelezo kisicho na mahali wala tarehe hakina kazi hata kikiwa cha spishi adimu. Mbawakawa huchomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa ajili ya utambuzi.

Kisha takwimu, somo linaloogopwa kuliko yote na linaloajiri kuliko yote. Kozi nzuri hulianza mwaka wa kwanza na kulifundisha kwa R, programu isiyolipiwa. Kozi dhaifu huliacha hadi mwaka wa mwisho, na matokeo yake huonekana kwenye tafiti za wanafunzi. Kosa maarufu ni hili: samaki 30 wako tangi moja lenye maji ya vuguvugu, wengine 30 tangi moja lenye maji ya baridi, na mwanafunzi anaandika kwamba ana sampuli 30 kila upande. Hana. Ana tangi moja kila upande. Pampu ya tangi moja ikisumbua, samaki wote 30 wameathirika pamoja, na huwezi kujua tofauti imeletwa na joto au na pampu. Mwanaikolojia Hurlbert aliandika kuhusu udhaifu huu mwaka 1984 na bado haujaisha. Tiba yake ni matangi mengi yenye samaki wachache kila moja, na hilo hupangwa kabla samaki hawajanunuliwa, si siku ya kuchambua data.

Porini nako kuna hesabu. Kukadiria idadi ya panya katika uwanja, unakamata, unatia alama, unaachia, kisha unakamata tena. Ukitia alama 50, mara ya pili ukakamata 60, na 12 kati yao wana alama, makadirio ni 50 mara 60 gawanya kwa 12, yaani 250. Kwa sampuli ndogo hutumika marekebisho ya Chapman, ambayo hapa hutoa takriban 238. Hesabu ni nyepesi. Kinachoharibu ni wanyama wenyewe. Alama zikidondoka, idadi hupanda kuliko ukweli. Panya waliopenda chambo wakirudi mtegoni kila usiku, idadi hushuka. Ndiyo maana safari ya masomo ya siku mbili haimfundishi mtu kitu. Wiki moja kamili, mitego ikikaguliwa kila alfajiri kabla jua halijawaka ndani ya masanduku na kumuua aliyenaswa, ndiyo kiwango cha chini kinachoeleweka.

Ajira sasa, na hapa ukweli usemwe. Shahada ya kwanza peke yake hufungua milango michache. Inayoitwa kwenye usaili ni shahada pamoja na ujuzi wa aina mbili: kundi moja la wanyama unalolijua hadi spishi, na uchambuzi wa data. Kampuni za tathmini ya athari kwa mazingira hutafuta mtu atakayetembea eneo la bwawa au barabara mpya, atambue popo kwa sauti au vyura kwa macho, kisha aandike ripoti inayosimama mbele ya wapinzani wake. Idara za uvuvi huhitaji wanaoweza kusoma umri wa samaki kwa kuhesabu miviringo kwenye vijiwe vya sikioni. Udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa ni uwanja mpana: kundi la mbu wa malaria liitwalo Anopheles gambiae lina spishi ambazo hazitofautishwi kwa macho hata chini ya hadubini, zinahitaji kipimo cha vinasaba, na tabia zao za kuuma hazifanani. Asiyejua kuzitofautisha atapendekeza dawa ukutani kwa mbu anayeuma nje.

Hifadhi za wanyama huvutia waombaji wengi kuliko nafasi. Utunzaji katika bustani za wanyama ni kazi ya kufagia, kupima chakula na kujaza rekodi, na sehemu nyingine haidai shahada. Ualimu, makumbusho, maabara za dawa na uandishi wa sayansi vyote vinawezekana. Anayetaka utafiti ajiandae kwa uzamivu, miaka mingine 3 hadi 5 au zaidi, na mikataba mifupi baada yake. Anayempenda mnyama wake wa utafiti huvumilia. Wengine wajue mapema.

Kabla ya kuchagua chuo, usianzie kwenye majengo. Uliza saa za vitendo kwa wiki, na wanafunzi wangapi hutumia hadubini moja. Wakizidi wawili, mmoja atakuwa mtazamaji. Uliza kama safari ya porini ni ya lazima na kama imo ndani ya ada au inalipiwa kando. Uliza msimamizi mmoja husimamia tafiti ngapi za mwaka wa mwisho. Wahitimu wa karibuni wajibu swali moja tu: data ya utafiti wako uliikusanya mwenyewe?

Na ukiruhusiwa kuingia maabara, omba kuangalia lenzi ya 40, yaani inayokuza mara 40, kwenye hadubini yoyote. Mafuta yanayodondoshwa juu ya kioo cha sampuli ili picha ionekane wazi ni ya lenzi ya 100 peke yake. Mwanafunzi asiyeangaliwa hutumia mafuta, kisha akarudisha lenzi ya 40 juu ya kioo kilekile, na mafuta hukauka pale. Ukiona picha ina ukungu usioondoka hata ukizungusha kirekebishi, jaribu hadubini ya pili na ya tatu. Zikiwa hivyo zote, hakuna mwalimu anayepita katikati ya meza wakati wa vitendo.