Risasi tano za .375 zilivyomharibu mwindaji mpya: uzoefu wangu na uwanja mmoja wa shabaha

Majuzi, kabla msimu haujafunguliwa, nilimlipia mpwa wangu mafunzo ya siku mbili kwenye uwanja wa shabaha huku kaskazini mwa Tanzania. Jina la uwanja nalihifadhi. Nililipia kitu kimoja tu: kijana aingie porini akiiamini mikono yake. Nikasema mapema kwa simu kwamba hajawahi kushika bunduki, kwa hiyo aanze na .22, bunduki ndogo ya kujifunzia. Wakakubali.

Tulipofika, mkufunzi mkuu akatoa kabatini .375 H&H Magnum, bunduki ya wanyama wakubwa, akaiweka juu ya mifuko ya mchanga mezani, akajaza risasi na kumwambia kijana aketi. Nikauliza .22 iko wapi. Jibu: "Mzee, kama mnataka michezo ya watoto, chukueni manati."

Mtu wa kazi hii hasemi hivyo. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, bunduki ya kawaida ya kuwindia, nalo la .22 karibu halihisiki. Halafu kuna meza. Ukipiga umesimama, mwili mzima unarudi nyuma na nguvu inatawanyika. Ukipiga umeketi umeinamia meza, bega halina pa kwenda, linapokea lote. Ndiyo maana hata wazoefu huweka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega wanapopima bunduki kubwa mezani. Hapa hapakuwa na mfuko. Kwenye masikio alipewa vizibo vya sponji peke yake, chini ya paa la bati linalorudisha mlio. Bunduki kubwa inataka vizibo ndani na vifuniko vya masikio juu yake, maana kinachomtisha mgeni mara nyingi ni mlio kabla ya teke.

Akamwambia pia asogeze uso mbele "uone vizuri". Jicho linatakiwa likae kama sentimita 9 nyuma ya kioo cha darubini. Akasogea, akafyatua, ukingo wa darubini ukamchana juu ya nyusi. Risasi hiyo ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, kwa sababu alikuwa hajajua kinachokuja. Nne zilizofuata zilitawanyika chini ya shabaha, eneo la ukubwa wa sinia, kwa umbali wa mita 100. Jicho linafumba, bega linasukuma mbele, kidole kinakwapua kifyatulio. Hakuna mwalimu wa bunduki asiyeijua picha hiyo kwenye karatasi.

Huyu hakuijua, au hakutaka kuijua. Alishika kirungu cha kurekebishia darubini akakizungusha mibofyo 12 kwenda juu!

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Darubini huhamisha kundi la matundu, haiwezi kulikusanya. Matundu yakiwa pamoja lakini kando, unarekebisha darubini. Yakitawanyika, unaangalia kwanza mpigaji, kisha skrubu za vishikio vya darubini na za mwili wa bunduki kama zimelegea, kisha kama mtutu wenyewe ndio ulioegemezwa kwenye mfuko badala ya mbao iliyo chini yake. Kila mbofyo wa darubini ile ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo 12 ni karibu sentimita 9. Kwa swala tomi, sentimita 9 ukijumlisha na mtikisiko wa mikono zinatosha kuitoa risasi kwenye moyo na mapafu na kuipeleka mgongoni au hewani. Na bunduki ile wanaikodisha kwa wengine.

Siku ya pili nilitaka tusirudi. Tulirudi kwa sababu pesa zilikuwa zimeshalipwa, na hapo lazima niseme haki. Mkuu hakuwepo. Alikuwepo msaidizi wake, binti mtulivu, ambaye aliona kidonda, akaomba radhi, akaichukua ile .375 mwenyewe na kupiga tatu taratibu. Zote tatu pamoja, sentimita 9 juu. Akairudisha mibofyo 12 bila kuambiwa na mtu.

Kisha akafundisha. Kwanza kufyatua bila risasi: chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, sarafu ilazwe juu ya mtutu karibu na mdomo, kifyatulio kibanwe mara 20 bila sarafu kuanguka. Kwa .22 akaweka risasi bandia, kwa kuwa pini yake ikipiga chemba tupu huharibu ukingo. Halafu .22 ya kweli kwa mita 25, kisha 50: kwenye mifuko, kwa goti, mwisho kwenye miti mitatu ya kuegemeza bunduki, maana porini kwetu risasi nyingi hupigwa kwa miti hiyo. Sharti lake lilikuwa tano ndani ya sahani ya chai kabla ya kusogea nyuma. Baada ya kila risasi, jicho libaki kwenye darubini na bolti, komeo la kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, ivutwe bunduki ikiwa bado begani.

Mchana ikaja .30-06, risasi 10 basi, akizijaza yeye na kuchanganya bandia humo ili kijana asijue ipi ni ipi. Ile bandia ikifika na mdomo wa mtutu ukachovya chini, kila mtu anaona. Mara ya kwanza ulichovya vibaya sana. Bandia ya nne haukutikisika. Karatasi ya mwisho ilikuwa na picha ya mnyama aliyegeuka ubavu, bila duara la kulenga: fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi ya kimo cha mwili, usikimbilie nyuma ya bega, kwa sababu wanyama wetu moyo wao umekaa mbele na chini. Nne kati ya tano zilikaa hapo, mita 80, kwenye miti.

Kwa hiyo wengine waende kwenye uwanja huu? Nilikuwa nimeandika ndiyo, mwombeni binti, kataeni .375 mpaka mwisho kabisa na mpige mmesimama, risasi tatu tu. Nilikuwa nimeweka nyota tatu.

Nimeitazama tena bili. Risasi tano za .375 za siku ya kwanza tumetozwa zote, na plasta ya nyusi imeandikwa kwenye mstari wake. Nyota moja, na hiyo ni ya binti.