Lenzi ya sonara na mzani mdogo kwa sarafu za zamani: uzoefu wangu

Mwanza ni mji wa wanunuzi wa dhahabu, na kwa sababu hiyo vifaa viwili ninavyovieleza hapa, yaani lenzi ya sonara inayokuza mara kumi na mzani wa dijitali unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, hupatikana madukani katikati ya mji bila kuagizwa kutoka Dar es Salaam. Nilivinunua vyote viwili kwa chini ya shilingi 60,000. Sishughuliki na dhahabu. Ninakusanya sarafu za zamani, ambazo bado huletwa mjini kutoka Ukerewe, Sengerema na kwingineko, na ambazo siku hizi kila muuzaji huziita kosa la kiwandani mara tu anapoona ufa au tundu lililokaa vibaya. Habari za rupia ya Mjerumani, yaani sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni wa Kijerumani, inayouzwa kwa mamilioni zimechangia sana kuharibu soko hili.

Kosa la kweli la kiwandani huweza kuongeza thamani ya sarafu, ilhali uharibifu uliotokea baadaye huishusha, na hapo ndipo lenzi inapoanza kulipa gharama yake. Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Muhuri ukipata ufa, madini husukumwa ndani ya ufa huo wakati wa kugongwa, kwa hiyo kwenye sarafu ufa huonekana kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu au msumari, kinyume chake, huchimba kwenda chini na kuacha vituta viwili vidogo kando yake. Kwa macho matupu mistari hiyo miwili hufanana kabisa. Chini ya lenzi, sarafu ikiwa imeinamishwa kidogo na mwanga wa dirisha ukiijia kutoka ubavuni, kivuli huonyesha mara moja kama mstari umepanda au umeshuka. Ninayo shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1922 yenye mstari mwembamba unaoanzia kwenye ukingo na kupita juu ya mgongo wa simba. Mstari huo umeinuka kuanzia mwanzo hadi mwisho, wala haukumkata simba popote. Huo ni ufa wa muhuri.

Sarafu za shaba za senti zenye tundu katikati zinahitaji uangalifu zaidi. Tundu lake lilitobolewa kwenye kisahani kitupu kabla ya kugongwa, hivyo tundu la kiwandani, hata likiwa limehama kutoka katikati, huwa na kingo laini zilizochakaa sawasawa na uso wote wa sarafu. Tundu la keekee huacha mistari ya mviringo kwenye kuta zake za ndani, na mara nyingi huacha pia kijino cha madini upande ambao ncha ilitokea. Herufi zinazoonekana kama zimeandikwa mara mbili nazo huwachanganya watu wengi. Kivuli cha herufi kikiwa bapa kama ngazi fupi, na herufi yenyewe ikiwa imekonda, huo ni mtikisiko tu wa muhuri wakati wa kugonga. Ulitokea kiwandani, ndiyo, lakini wakusanyaji wengi hawauongezei bei. Muhuri uliochongwa mara mbili kweli huacha herufi mbili zote zikiwa zimejaa, na kwenye ncha zake huonekana mgawanyiko.

Mzani nao hujibu kile ambacho lenzi haikioni. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipaswa kuwa na uzito wa gramu 11.66, na shilingi za miaka kati ya 1921 na 1946, zilizokuwa na robo tu ya fedha, gramu 7.78. Niliwahi kuletewa rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm II, iliyosemekana kuwa na kovu la kiwandani juu ya kofia yake. Mzani ulisoma gramu 11.2, pungufu ambayo uchakavu mdogo wa uso wake haukuweza kuieleza. Na lenzi ilipopita juu ya kovu hilo, rangi ya risasi ya kulehemu ilionekana wazi. Rupia ilikuwa imetobolewa ili ivaliwe shingoni, kisha tundu likazibwa. Sarafu iliyopunguzwa kwa tindikali hukamatwa kwa njia hiyo hiyo: huwa nyembamba na nyepesi, na maandishi yake hufifia pamoja na ukingo.

Mzani hausaidii sana kwenye sarafu za heller 20 za Tabora (heller ilikuwa sehemu ndogo ya rupia). Zilitengenezwa mwaka 1916 wakati wa vita, kwa vifaa vya dharura, na uzito wake hutofautiana sana kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo sarafu nyepesi haithibitishi chochote. Nyuso zake zenye mashimo na mihuri iliyochoka ni hali yake ya kawaida, na kumlipa mtu zaidi kwa ajili ya hayo ni kutupa fedha.

Kuhusu ubora wa vifaa vyenyewe, nina malalamiko mawili. Lenzi za bei ya chini zilizoandikwa 30x hazikuzi kiasi hicho, na pembezoni picha hujikunja. Chukua ya mara kumi yenye kioo safi, kwa sababu hiyo inatosha kwa kazi yote niliyoieleza. Mzani wangu ulikuja bila jiwe la kupimia usahihi, nikalazimika kulinunua peke yake. Tena huyumba upepo wa ziwa unapoingia dirishani, kwa hiyo funga dirisha na uzime feni kabla ya kupima. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, ningeanza na lenzi, na mzani ungesubiri hadi siku utakapoanza kununua sarafu za fedha.