Nyuzi Tatu Nilizonunua Macho Yakiwa Yamelewa Rangi

Habari zenu, watu wa sindano na nyuzi. Hivi vitita vitatu mezani ni mavuno ya Jumamosi. Tulitoka wanne, wote wafumaji, tukakosea jambo moja tu: tulianza na maonyesho ya sanaa, ndipo tukaingia maduka ya nyuzi. Ukishatazama picha za rangi saa mbili nzima, macho yanalewa. Kila uzi unauona mchoro.

Ndiyo maana nikabeba huu. Ngoja niusogeze kwenye kamera. Sufu ya kondoo wa merino, umetiwa rangi kwa mkono: zambarau, chungwa, kijani. Gramu 100, mita 400. Ukiwa kwenye kitita hivi, ni uzuri mtupu. Sasa oneni kipande nilichofuma. Zambarau imetuama huku, chungwa imetuama kule, utadhani nimemwagia kitu. Uzi hauna kosa. Rangi zake zinajirudia kila baada ya urefu fulani, na upana wa kazi ukioana na urefu huo, zinaangukia palepale mstari hadi mstari. Dawa yake ni vitita viwili: mistari miwili unafuma na huu, miwili na ule. Mimi nilinunua kimoja. Haya, nichekeni.

Halafu huuhuu wa rangi nyingi ni wa unyuzi mmoja tu, haukusokotwa na mwingine. Shingoni ni laini ajabu, lakini nimeusugua kwa kiganja muda mfupi na tayari umeota vitonge, hivi hapa. Skafu, sawa. Soksi, msithubutu.

Wa pili ni huu wa kijivu. Najua, hata wenzangu walinitazama kama niliyeingia duka la maua nikatoka na kijiti. Ila kwenye maonyesho tulikwama kwenye chumba cha vitambaa, tukaanza kumzungumzia Anni Albers, yule msanii mfumaji wa vitambaa aliyeingia shule ya sanaa ya Bauhaus kule Ujerumani mwaka 1922 na kufika 1949 akawa na maonyesho yake mwenyewe katika jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York. Ana kazi zenye rangi mbili tatu tu, zimepoa, na mpishano wa nyuzi ndio unaokushika. Basi nikaujaribu uzi huu kwa mtindo wa misuko. Tazameni kivuli kinavyokaa kando ya kila msuko! Ule wa rangi nyingi ungeufunika wote.

Huu umesokotwa nyuzi tatu pamoja, kwa hiyo ni mviringo na mishono inasimama. Nilipata mishono 22 kwa sentimita 10, nikaosha, nikalaza ukauka, nikapima tena: 22. Nimeufumua mara tatu kwa kuhesabu vibaya na haujachakaa. Kasoro yake, unawasha kidogo. Vaeni kitu ndani.

Wa tatu ni pamba ya buluu ya nili, nao sitaupa muda mrefu. Pamba hainyumbuki kama sufu, viganja vinachoka, na sweta ikiwa kubwa uzito wake wenyewe utaivuta chini. Na nili hukaa juu juu ya uzi: hivi vidole si vya mgonjwa, ni rangi. Hata sindano zangu za mbao zimebadilika. Nitafumia mfuko.

Kabla sijasahau, mmoja wetu ana ujanja wa bure. Akitaka kuchanganya rangi mbili, anapiga picha ya nyuzi kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Zikionekana kijivu kilekile, anarudisha moja rafuni, maana nakshi haitaonekana. Alinizuia nisinunue nyekundu na kijani zilizokuwa zinanipigia kelele.

Wa kijivu nimeshauanza, mkono mmoja wa sweta umefika kiwiko. Ule wa rangi nyingi? Geuza kamera ukutani. Nimeutundika hapo juu ya kiti, kama ulivyo, na kila anayeingia anauliza nani kauchora.