Kioo cha kuhesabia nyuzi, kwa anayenunua lesi na nguo za kale

Kifaa ninachokisifu hapa ni kioo kidogo cha kukuzia, chenye vipande vitatu vya shaba vilivyoungwa kwa bawaba. Ukikikunja kinaenea kiganjani. Ukikikunjua kinasimama chenyewe juu ya kitambaa, lenzi ikiwa imeshakaa kwenye umbali wake, na mikono yako yote miwili inabaki huru kuishika lesi. Chini kina dirisha la mraba lenye alama za milimita. Watu wa viwanda vya nguo hukitumia kuhesabu nyuzi. Mimi nakitumia kuyapima maneno ya wauzaji.

Changu kinakuza mara 8. Cha mara 5 hakitoshi kwa lesi nyembamba. Cha mara 10 kinaonyesha uzi vizuri sana, ila dirisha la kile nilichokijaribu lilikuwa dogo mno, nikawa naona nyuzi bila kujua niko upande gani wa ua la lesi.

Ukiambiwa lesi imetengenezwa kwa mkono, itandaze juu ya kitambaa cheusi, weka kioo, kisha angalia sehemu zilizojaa, kama majani na petali. Lesi ya sindano itakuonyesha vitanzi vya mshono ule ule wa tundu la kifungo, safu juu ya safu. Lesi inayofumwa kwa vijiti juu ya mto ina nyuzi zinazopishana juu na chini, unaona kabisa kitambaa kidogo kilichofumwa. Lesi ya mashine mara nyingi ina mistari mistari kama mbavu, uzi mmoja umejiviringisha kwenye mwenzake. Halafu kuna lesi ya kemikali, ambayo ilianza kuuzwa miaka ya 1880: mashine inatarizi maua juu ya kitambaa, kisha kitambaa kinayeyushwa kwa dawa, yanabaki matarizi peke yake. Kwa macho matupu inaiga lesi ya sindano vizuri sana. Chini ya kioo inajifichua yenyewe, kwa sababu nyuzi zake zina vinyweleo na mishono imekwenda huku na huko bila mpango wa vitanzi.

Nitoe mfano wa kola moja iliyokuwa inauzwa kama ya karne ya 18. Maua yake ni ya mkono kweli, yameshonewa juu ya wavu. Niliposogeza macho kutoka kwenye ua hadi kwenye wavu wenyewe, nikakuta matundu ya pembe sita yanayolingana yote, na nyuzi zimekata mshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kuyumba. Huo ni wavu wa mashine. John Heathcoat alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya kufuma wavu wa namna hiyo huko Uingereza mwaka 1809. Maua yanaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wavu, maana watu walikuwa wakiyabandua kwenye lesi iliyochakaa na kuyashonea upya, lakini kola kama kola haikuweza kuwepo kabla ya wavu wake.

Nikainunua hata hivyo, kwa thamani ya karne ya 19. Raha yake iko upande wa nyuma. Kila petali imezungushiwa uzi mnene ukingoni, na fundi amelishikiza ua kwenye wavu kwa mishono midogo ambayo mbele haionekani hata ukiitafuta. Katikati ya ua moja amebadilisha nafasi kati ya vitanzi ili kivuli kiingie. Kazi hiyo ilifanywa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na mimi naiona kwa sababu ya kipande cha shaba na kioo.

Kwenye nguo, nakipeleka ndani ya mishono. Mshono wa mnyororo una sura tofauti mbele na nyuma. Ule wa nyuzi mbili, wa cherehani ambayo Elias Howe aliipatia hataza Marekani mwaka 1846, unafanana pande zote. Ila mshono wa mkono peke yake hauthibitishi kwamba gauni ni la kabla ya cherehani, kwani watu hawajaacha kushona kwa mkono hadi leo.

Kwenye hariri ndiko kioo hiki kimeniokolea fedha nyingi zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilikuwa vikiloweka hariri kwenye chumvi za bati ili iwe nzito. Hariri hiyo hupasuka yenyewe kwa kufuata uzi, hata ikiwa imelala sandukuni. Kioo kinaonyesha nyufa za kwanza wakati gauni bado linang'aa mezani, na nikiziona sitaki hata litundikwe kwenye hanga.

Usikitegemee kutofautisha pamba na kitani. Kwa hilo unahitaji hadubini, na anayekuambia kioo cha mkononi kinatosha anabahatisha. Pia fremu inaziba mwanga, kwa hiyo weka taa ubavuni, chini kidogo, ili vivuli vya mishono vijitokeze. Vile vyenye lenzi ya plastiki vinapindisha mistari pembeni, na kwa kazi ya kukagua wavu hicho ni kilema kikubwa.

Lakini kasoro inayoniudhi hasa ni pembe za kitako. Changu kilikuja na pembe kali, zenye uwezo wa kunasa kitanzi na kukikata. Kabla ya kukigusisha lesi yoyote, kipitishe juu ya soksi ya nailoni. Kikinasa, lainisha pembe kwa msasa mwembamba, futa vumbi la shaba, ujaribu tena. Na ukishakiweka juu ya lesi usikiburute. Kinyanyue, ukiweke mahali pengine.