Kupanda basi bure Scotland ukiwa chini ya miaka 22: uzoefu wangu

Kama una umri wa kati ya miaka 5 na 21 na unaishi Scotland, kupanda basi ni bure. Si nusu nauli, wala si bure ya kwenda shule na kurudi tu. Ni bure asubuhi, ni bure usiku, siku za kazi na sikukuu, kuanzia basi la mtaani hadi lile la mkoani linalotoka Glasgow kwenda kisiwa cha Skye. Nimekuwa nikiitumia kadi ya kupandia bure tangu tulipohamia Glasgow, mimi, mama na mdogo wangu wa kiume. Vijana wa nyumbani wanaojiandaa kuja kusoma huku huniuliza sana habari zake, na wazazi wenye watoto ndio kabisa, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu mara moja.

Mpango ulianza tarehe 31 Januari 2022. Watu wa miaka 60 na kuendelea walikuwa wameshaanza kupanda bure tangu 2006. Kwa vijana, mwanzoni ilikuwa iishie kwa walio chini ya miaka 19, lakini chama cha siasa cha Greens kikabana kwenye mazungumzo ya bajeti mpaka umri ukapanda hadi chini ya 22. Kadi inaitwa National Entitlement Card. Sisi tunaotumia tunaiita Young Scot tu, kwa sababu ndilo jina lililoandikwa juu yake.

Matumizi yake ni mepesi. Unapandia mlango wa mbele, unamwambia dereva unashukia wapi, unaweka kadi juu ya mashine, inalia, karatasi ya tiketi inatoka, unakwenda kukaa. Dereva haulizi unakwenda kufanya nini. Haangalii kama umevaa sare. Wakati wa kushuka kila mtu anamshukuru dereva, watoto kwa wazee, na mimi nimeshaizoea tabia hiyo, naipenda.

Sasa niseme kwa nini kitu chepesi hivi kinanigusa.

Nimesoma sekondari Dar es Salaam, nikitokea Mbagala. Anayejua Mbagala saa kumi na mbili asubuhi hahitaji maelezo. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na mtu mzima kwa njia fupi alikuwa akilipa 500 tangu Mei 2022. Kwenye karatasi ni punguzo kubwa. Kituoni ni habari nyingine. Daladala inasimama, konda anashuka na kunyoosha mkono mmoja kuziba mlango, macho yanapita juu ya vichwa vyetu kutafuta watu wazima nyuma yetu. "Denti wawili! Wawili tu, wengine subirini!" Mko kama ishirini, mashati meupe matupu, kila mmoja kashika mia mbili yake mkononi. Wawili wanaingia kwa kusukumana, gari linaondoka na siti zinaonekana dirishani. Ukibahatika kupanda, husimama tu, maana mwanafunzi akikaa na mtu mzima kasimama atainuliwa kwa maneno. Na ukifika shule umechelewa, unakuta geti limefungwa na fimbo inakungoja. Kuna wasichana niliosoma nao waliokubali lifti za bodaboda ili tu wawahi namba, na mnajua lifti zile kwa msichana mara nyingi huishia wapi.

Miaka yote ile niliamini makonda wana roho mbaya. Kuishi huku kumenibadilisha mawazo, na hiki ndicho kitu kikubwa ninachotaka kusema kwenye maoni yangu haya.

Scotland serikali inamlipa mwenye basi. Kila kijana anayegusisha kadi, safari yake inaandikwa, na kampuni inarudishiwa na serikali sehemu ya nauli ambayo angelipa mtu mzima. Ndiyo maana dereva anakuuliza unashukia wapi hata kama hulipi, na ndiyo maana usipite tu bila kugusisha. Kwa dereva mimi ni abiria kamili. Hana sababu ya kuniacha kituoni, kwa sababu kuniacha hakumwongezei kitu, na mshahara wake uko palepale.

Kwetu punguzo lilitangazwa na serikali lakini aliyelibeba ni konda na dereva. Jioni wanatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, mafuta wameweka wao, trafiki kapita na yake, kinachobaki ndicho kinapeleka unga nyumbani. Kila mwanafunzi aliyekaa kwenye nafasi ya mtu wa mia tano amewakata mia tatu mifukoni mwao. Ukiwajaza wanafunzi ishirini asubuhi, safari hiyo ni ya hasara. Kwa hiyo mkono ule unaoziba mlango ulikuwa unafanya hesabu. Sisemi ilikuwa haki, maana sisi tuliobaki kituoni ndio tuliokula viboko. Nasema kwamba matangazo na faini peke yake hayatauondoa mkono ule mlangoni, kama pengo la ile mia tatu halina wa kuliziba.

Haya, turudi kwenye kadi.

Kwa maisha ya kila siku imeniokoa hela nyingi. Ninakaa upande wa mashariki wa jiji, chuo kiko katikati, na kazi yangu ya mwisho wa wiki iko upande mwingine kabisa. Kwa mwenye kulipa, ule mzunguko ungekula sehemu nzuri ya mshahara wa saa chache ninazofanya. Rafiki zangu wengi hapa waliweza kukubali kazi za mbali, au kuchagua chuo wanachokitaka hata kama kiko mji wa pili, kwa sababu nauli haimo kwenye mahesabu. Kwenda Edinburgh natumia basi la Citylink namba 900 ambalo linatembea usiku na mchana. Treni ni ya haraka zaidi, hilo halina ubishi, lakini hata baada ya Scotland kuondoa nauli za juu za saa za msongamano Septemba 2025, tiketi ya kwenda na kurudi ilishuka hadi pauni 16.80. Kwa mwanafunzi hiyo ni chakula cha siku kadhaa.

Ila raha yenyewe ya kadi hii niliijua siku nilipomchukua mdogo wangu kwenda Fort William. Ni mwendo wa karibu saa tatu kutoka Buchanan, kituo kikuu cha mabasi cha Glasgow. Basi linafuata ziwa Loch Lomond, barabara nyembamba, maji yako dirishani kabisa upande wa kulia. Ukishapita kijiji cha Tyndrum linapanda kwenye uwanda wa Rannoch Moor ambako hakuna nyumba, ni madimbwi meusi, mawe na nyasi za rangi ya kahawia hadi macho yanapoishia. Halafu milima ya Glencoe inakuja pande zote mbili mpaka ukitaka kuona kilele inabidi uinamishe kichwa chini ya dirisha. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida haachi simu, aliiweka mfukoni bila kuambiwa. Alibandika paji la uso kwenye kioo, pumzi yake inakitia ukungu, anafuta kwa mkono wa sweta, anabandika tena. Tulipofika tukala chipsi tumekaa chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345, ingawa siku hiyo kilele kilikuwa ndani ya mawingu. Jioni tukarudi. Gharama ya safari nzima ilikuwa zile chipsi. Mtoto wa mama anayefanya kazi ya kutunza wazee ameiona nchi anayoishi, sawasawa na mtoto ambaye baba yake ana gari.

Ushauri kwa safari za mbali: weka nafasi mapema kwenye tovuti ya kampuni ya basi. Kadi inakupa bure lakini haikuhakikishii siti, na majira ya joto mabasi ya milimani hujaa watalii. Kampuni ya Ember, yenye mabasi ya umeme, nayo inapokea kadi hii.

Nisiwafiche upungufu. Kadi ni ya basi tu. Treni unalipa, ile treni ya chini ya ardhi ya Glasgow unalipa, na tramu ya Edinburgh mimi niliyetoka Glasgow nililipa. Mabasi ya kutembeza watalii mjini hayamo, na baadhi ya mabasi ya usiku yenye nauli maalumu hayamo pia, kwa hiyo ukitoka kazini saa nane usiku uliza kabla ya kupanda. Ukivuka kwenda England usitegemee kupanda bure huko. Binamu yangu anayeishi Manchester analipa kama kawaida, ingawa England kwa jumla nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi imewekewa kikomo cha pauni 3 tangu Januari 2025.

Lazima uwe na kadi yenyewe mkononi. Picha ya kadi kwenye simu haisaidii. Siku moja kadi ya mdogo wangu iligoma kusoma, dereva akataka nauli, na mtoto hakuwa na hata senti. Mama mmoja mtu mzima, Mskoti, akamlipia bila kusubiri kuombwa. Nilimshukuru Mungu, lakini sioni kwa nini mtoto awe anategemea wema wa abiria wakati kadi yake ni halali na ina picha yake. Kwa watoto wanaosafiri peke yao, muwape pauni chache za akiba.

Vijijini ni shida ya aina nyingine. Rafiki yangu wa chuo anatoka kijiji ambacho basi la mwisho linapita kabla ya magharibi. Anayo kadi kama yangu, ila basi hana. Bure bila basi ni maneno matupu, na hapa serikali bado ina kazi.

Kuna pia lawama kwamba vijana wamegeuza mabasi kuwa vijiwe. Baadhi ni kweli. Nimewaona watoto kwenye ghorofa ya juu ya basi wakipiga kelele, wakirusha vitu, wakimtukana dereva ambaye ana umri wa babu yao, na inauma. Bunge la Scotland limejadili suala la kuwasimamishia kadi wanaofanya fujo. Mimi naliunga mkono kwa yule aliyethibitika kufanya kosa. Ninachoogopa ni pale wanapotokea watu wakisema mpango wote ufutwe kwa ajili ya hao wachache. Wanaosema hivyo mara nyingi hawajawahi kuachwa kituoni.

Na kuna suala la umri. Kadi yangu inakufa siku moja kabla sijatimiza miaka 22. Hakuna hatua ya kati, hakuna nusu nauli ya mwaka mmoja mbele, na siku hiyo bado nitakuwa mwanafunzi. Mama yangu ndiye anayenionyesha hali itakavyokuwa: anaondoka alfajiri kwenda zamu, analipa nauli kamili kila wiki, na basi analopanda ni hilohilo ninalopanda mimi bure. Yeye hanung'uniki, anasema bora watoto wamepata. Mimi nanung'unika kwa niaba yake.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya vijijini na ya ukingo huo wa miaka 22.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Mwendokasi, yale mabasi ya Dar yenye njia zake, tayari unatumia kadi za kugusisha. Mwanafunzi akigusisha, safari yake inaweza kuhesabiwa, na kinachoweza kuhesabiwa kinaweza kulipiwa. Ningependa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na wenye daladala wakae wazungumzie hilo, hata kama ni kwa kuanza na njia chache za asubuhi ambako wanafunzi ni wengi, kama Mbagala na Gongo la Mboto.

Kwa mnaokuja: maombi yanafanyika kwenye tovuti ya getyournec.scot. Mwenye miaka 16 na zaidi anajiombea mwenyewe, aliye chini ya hapo anaombewa na mzazi au mlezi. Unahitaji picha, kitambulisho kama pasipoti, na ushahidi wa unapoishi. Hicho cha mwisho ndicho kinachowasumbua wageni, kwa sababu ukifika bado huna bili yenye jina lako. Omba barua ya chuo au ya bweni yenye anwani kamili mara tu unapopangiwa chumba. Kwa watoto, ulizeni kwanza shuleni kwao, shule nyingi zinasaidia kuomba, na mambo yakikwama kwenye mtandao nendeni ofisi za halmashauri au maktaba mkiwa na karatasi zenu halisi. Kadi inakuja kwa posta, kwa hiyo andikeni namba ya mlango na ya ghorofa vizuri. Ombeni wiki ileile mnayopata anwani, maana mpaka kadi ifike nauli ni ya mfukoni mwenu, na hairudishwi.